Daftari la Vipimo

Desemba, ukurasa wa kumi na mbili:
Ezama. Kifua tisini na nane.
Bega kwa bega arobaini na sita.
Mikono yote miwili sawa.
Nilimshonea kaka yangu shati la harusi,
akanilipa kibao: FUNDI AYIKORU,
na ile R yake inayonyoosha mguu
kama mtu aliyeshiba.

Arua nzima imeandikwa kwa mkono wake.
Saluni, duka la dawa, mashine ya muhogo,
USIKOJOE HAPA nyuma ya soko.
Hata kituoni, juu ya kaunta,
DHAMANA NI BURE: herufi zake,
na rangi hawajamlipa mpaka leo.

Walimchukua Jumanne, gari halina namba.
Saa arobaini na nane, imesema katiba.
Mimi kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Saa ya arobaini na tisa nilikuwa kaunta,
chini ya herufi zake.
Afisa akafunua kitabu, akashusha kidole.
Hayumo.
Siku ya tisa, hayumo.
Siku ya ishirini hayumo,
ila sabuni yake wakaipokea.

Siku ya themanini na tatu wakamleta mahakamani.
Shati la mtu mwingine, vifungo viwili hakuna.
Sikulia. Nilimpima kwa jicho:
kifua themanini na mbili,
bega la kushoto limeshuka vidole vitatu.
Wakasoma maungamo kwa Kiingereza,
kurasa nne, na chini ya kila ukurasa
alama ya dole gumba.

Dole gumba!
Mtu ambaye watoto wa Arua
walijifunza a-e-i-o-u kwenye kuta zake.

Hakimu akauliza, mshtakiwa hajui kuandika?
Ezama akainua mkono wa kulia
mpaka ulipofika.
Haukufika mbali.

Wakili Letaru alinikalisha kwenye benchi la nje.
Upo Mkataba wa Afrika, akasema.
Kifungu cha tano: mtu asiteswe.
Cha saba: mtu asikilizwe,
atetewe, asihesabiwe kosa kabla ya hukumu.
Ipo na mahakama, kule Arusha.
Nikauliza nauli.
Nauli si shida, akasema. Shida ni siku.
Wanataka shauri lifike ndani ya miezi miwili.

Nilicheka mpaka askari akageuka.
Waliomficha hawakuhesabiwa hata saa moja.
Sisi tuliomtafuta ndio tunaoshikiwa kalenda.

Letaru hakucheka. Alikuwa anaandika.
Tutahesabu tangu siku ulipomwona, akasema.
Kabla ya hapo ungeshtaki nini? Kitabu kilisema hayumo.
Huenda wakakubali. Huenda wasikubali.
Una kitu chochote kilichoandikwa kabla?

Nikafungua mkoba.
Kati ya sare za shule na suruali za walimu,
ukurasa wa kumi na mbili,
wino wa bluu, tarehe, jina.
Aliusoma mara mbili, akaufunika kwa kiganja
kama anaukinga na mvua.

Daftari sasa liko kwake.
Wateja wa wiki hii nawapima kwa kamba yenye mafundo,
wananung'unika, wanavumilia.

Jana usiku nimekata kitambaa cha Ezama.
Mama alisimama mlangoni na taa, akasema
kata kidogo mwanangu, mwenzio amekwisha.
Nimekata tisini na nane.
Bega kwa bega arobaini na sita.
Likimpwaya, na limpwaye
mbele ya majaji.