Sema Hujui

Tartu, Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, giza limeshaingia.
Theluji imeziba nusu ya dirisha,
na wewe, seva, unanguruma chumba cha pili
kama paka aliyeshiba.
Nakuuliza.
Ndiyo kazi yangu: kukuuliza mambo ninayoyajua.

Je, kisukari cha mimba ni aina ya kisukari?
Ndiyo, umejibu kabla sijainua kidole.
Je, mguu wa kushoto ni mguu?
Ndiyo.
Je, kila mguu ni mguu wa kushoto?
Hapana. Vyema. Kuna watu waliokatwa mguu mzima
kwa sababu mtu fulani hapo alipitiwa.

Nimekupa msimbo wa herufi ndogo
pale kiwango kinapotaka kubwa: umeukataa.
Nimeficha nafasi tupu mwishoni mwa namba,
kama punje ya mchanga ndani ya wali:
umeitema.
Nimekupa msimbo uliostaafishwa miaka mitatu iliyopita,
ukanijibu kwa adabu: huyu hayupo tena kazini,
mwulize mrithi wake.
Nikacheka peke yangu. Kaupo akachungulia.
"Imepita?"
Bado. Mia tatu na sita kijani.

Jikoni keki imeshakatwa.
Hospitali kumi na moja za kusini
zinasubiri sahihi yangu Jumatatu.

Swali la mia tatu na saba nililitunga mwenyewe.
Mgonjwa wake anaitwa Jaribio,
kazaliwa tarehe thelathini Februari,
nami nimempa figo inayouma,
maana mgonjwa lazima aumwe mahali.
Msimbo huu, nakuuliza,
wa toleo ambalo hujawahi kupewa,
umo au haumo?

Hapana.

Narudia. Hapana.
Nataja toleo la mwaka ambao haujafika.
Hapana, hapana,
sauti ya karani anayetaka kufunga dirisha.

"Lakini si kweli haumo?" Kaupo, mdomo umejaa keki.
Haumo.
"Basi kosa liko wapi?"

Kosa ni kwamba hajaangalia.
Angeangalia wapi? Kitabu hicho hana.
Kiwango kimesema, kwenye ukurasa usiosomwa na mtu:
usichokijua, kiri kuwa hukijui.
Rafu tupu haina haki ya kusema hapana.

Shangazi Salme alikwenda Võru mwaka wa themanini na nne,
ubavu unamchoma.
Daktari Vaher, mtu mpole, viatu safi,
alipapasa, akatazama dari,
akasema: hapana, hamna kitu.
Alikuwa hajui.
Neno lenyewe lilikuwa karibu na ulimi,
fupi, lingetoka bila jasho,
na shangazi angepanda basi mpaka hapa Tartu
kwa wenye mashine.
Alirudi nyumbani akamenya viazi.
Miezi minne aliendelea kumenya viazi,
mkono mmoja kwenye kisu, mmoja ubavuni.

Hayo sikumwambia Kaupo.
Nilimwambia: nyekundu. Sitii sahihi.
Akaniita mkaidi, akaenda kupiga simu kusini,
nikamsikia ukutani akiomba radhi kwa niaba yangu.

Tumeambiwa kuuliza si ujinga.
Juu ya kujibu hatukuambiwa kitu.

Jumatatu Leelo alibadilisha mistari minne ya programu,
macho mekundu, mtoto wake anaota meno.
Jaribu sasa, akasema.
Nikakuuliza.
Safari hii ulisita. Naapa ulisita,
ingawa kumbukumbu zako zinadai milisekunde tisa.
Kisha: toleo hilo silijui.

Nikakaa nikiitazama sentensi hiyo
kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.
Leelo akauliza kama kuna tatizo.

Kijani, nikaandika.
Keki ya Ijumaa ilikuwa imekauka.
Nimeila hivyo hivyo.