Inabana Wapi?

Katoni ilifika Bugarika kona moja imebonyea,
imezungushiwa gundi ya karatasi tabaka tatu,
na ndani yake mtu mzima wa vipande ishirini na sita:
kifua, mgongo, mabega, nyonga,
mapaja mepesi kama maganda ya mayai.
Weupe mtupu. Askari asiye na jina wala jeshi.
Nikahesabu mara mbili juu ya mkeka.
Muundi wa kushoto haukuwemo.

Nyamizi alisimama mlangoni na sato wawili mkononi:
"Bati linavuja chumbani kwa watoto,
nawe umenunua beseni la kuvaa?"
Sikujibu. Mwenye kiu ya namna hii
haelezi. Hukata.

Mchana, karakana ya hospitali, mimi ni fundi wa miguu.
Plastiki naijua kama mwokaji anavyojua unga:
inavyolegea, inavyong'aa kidogo kabla ya kukubali,
inavyoshika umbo ukiipoza na usiionee huruma.
Lakini ile ni ya watu.
Hii ilikuwa yangu.

Usiku, basi, msasa. Usiku, mkasi wa bati.
Acha nusu kidole nje ya mstari,
maana ukikata ndani umekata.
Vibanio vya nguo vyote vikahamia mabegani mwa askari,
sare za shule zikarudi kuanikwa juu ya majabali.
Sufuria ya ugali ikachemsha kiwiko.
Lastiki nilishonewa na Bugumba wa Mlango Mmoja,
aliyenipima kiuno na mapaja asiulize neno,
akaandika daftarini: *mikanda ya punda, sita.*

Wiki ya tatu wakaja wadudu wa ziwa,
wingu zima, kama moshi uliopotea njia,
wakaifuata taa, wakaikuta gundi mbichi.
Nilitoa wengi kwa ncha ya sindano.
Wawili wamebaki, chini ya bamba la kifua,
upande wa moyo.

Na muundi? Niliomba mabaki ya karakana,
kipande cha plastiki ya kahawia
kilichosalia kwenye mguu wa Kwandu wa Magu,
miaka tisa, anayeruka kamba kwa hasira.
Nikakioka, nikakivuta juu ya plasta ya mguu wangu.
Rangi nyeupe ninayo kwenye kopo.
Sijaifungua.

Jumapili nikavaa.
Dakika arobaini, Nyamizi akifunga nyuma,
anafunga, ananuna, anafunga, mara akacheka
kicheko cha mtu anayefunga turubai la lori.
Kwamba humo mtu haketi, karatasi ya maelekezo haikusema.
Nikashuka taratibu katikati ya mawe
nikilia kama kabati la vyombo kwenye mkokoteni.
Mbwa wa kina Lugiko alikimbia, akarudi,
akanusa mguu wa kahawia tu.
Ziwa kule chini lilikuwa na rangi ya sufuria.
Jasho likanishuka mpaka ndani ya soksi,

na nyuma ya goti, pale pale,
kitu kikaanza kuniuma,
kidogo, kwa adabu, kila hatua.

Miaka kumi na mmoja nimepiga magoti mbele ya watu
nikiuliza, "Inabana wapi?"
nao huonyesha eneo zima, kwa kiganja,
nami nikidhani hawajui kusema.
Wanajua. Inabana kwa kiganja.

Jumatatu Kwandu alikuja.
Kabla sijamuuliza nilichukua msasa
nikalainisha ukingo wa nyuma ya goti.
"Nani kakwambia?"
Nikamwambia: askari mmoja, ana mguu kama wako.
"Muongo," akasema, akivuta soksi.
Kisha, mlangoni, bila kugeuka:
"Mlete."