Hesabu ya Hatua

Karakana yetu ipo Uyole, nyuma ya ghala la mbolea,
pale barabara ya Tukuyu inapoiaga ile kubwa.
Tunatengeneza magongo
kwa watoto ambao miguu yao iligoma kabla haijaanza kazi.

Miaka tisa tuliishi kwa barua.
"Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba…"
Subilaga aliandika, mimi nikapeleka posta,
na Desemba yakaja mablanketi, biskuti, na mpiga picha.
Januari chuma kikaisha.
Blanketi halichomelewi.

Kisha akaja Atuganile. Jina hilo, kwao Rungwe, ni "ametupenda",
ila yeye alikuja na kikokotoo.
Hakuuliza tunahitaji nini.
"Mnajua kutengeneza nini kingine?"
Tukatazamana. Mageti. Vitanda vya bweni.
"Basi geti limlipie gongo."

Akatukopesha milioni kumi na nane,
riba ya kuonja tu, kama chumvi kwenye viazi,
mwaka mzima tusirejeshe kitu.
Mwenyekiti Mwakalobo akafura:
"Tangu lini huruma ikatozwa riba?"
Swali hilo sijalimaliza mpaka leo.

Kila mwezi, daftari.
"Magongo sabini na mawili," nikasoma, kifua mbele.
"Magongo nimeyasikia. Hatua ziko wapi?"

Nikapanda Isyesye, nikashuka Igawilo, mlango kwa mlango.
Gongo moja lilikuwa limeegemea banda la kuku, limekuwa komeo.
Jingine lilikuwa fupi: mtoto amekua, sisi hatukurudi.
Tulikuwa mahodari wa kugawa.
Nikarudi nimeinama, na bisibisi mfukoni,
na orodha ya nyumba za kurudia.

Machi transfoma ikaungua, wiki tatu giza,
shule iliyoagiza vitanda ikahamia kwa fundi mwingine.
Rejesho likatushinda.
Tulimngoja kama wadaiwa wa kweli, jenereta tumeificha.
Akaja na buti za matope, akaketi juu ya kreti,
akamenya kiazi cha moto kwa vidole.
"Mbegu ikioza shimo moja, mtu hauzi shamba."
Tarehe akazisogeza. Deni hakulifuta.
Nilimchukia kidogo. Usiku ule nililala.

Agosti, umande umeganda kwenye majani ya kabichi,
tukalipa la mwisho.
Fedha ile haikupumzika: ilikwenda Makete,
kwa kina mama wanaofuga ng'ombe ili kulea yatima,
watu nisiowajua, wanaolipa kwa maziwa
chuma tulichokwisha kukilipa sisi.

Daftarini, kwa mwandiko wangu:
*Lwitiko, Igawilo. Kutoka jikoni hadi bombani, hatua kumi na moja.*

Ila yupo pia Ipyana,
asiyekaa bila kushikwa mgongo, mchana na usiku.
Hakuna geti linaloweza kumlipia Ipyana.
Kwa ajili yake, Subilaga bado hununua bahasha,
bado hulowesha ulimi, bado huanza:
kwa unyenyekevu mkubwa.