Vidonge Kumi na Vinne

Barabara ya Mestia imezibwa na theluji tangu juzi,
nami nimepanda kwa miguu, mkoba mgongoni,
hadi kwa Mzekala, chini ya mnara wa mawe
ambamo babu zake walijifungia kisasi kilipowaka.
Adui wa safari hii hakuhitaji kuvunja mlango.
Labda aliingia kwa kikombe kilichochangiwa shuleni,
labda kwa chafya ya jirani wa dawati.
Wadudu hawaachi nyayo kwenye theluji.

Ijumaa nilimwambia Bekhani, "Panua,"
nikalimulika koo kwa tochi:
jekundu kama nyama mbichi,
mafindofindo yamevimba, usaha umeyanyunyiza
kama unga ubaoni.
Chini ya taya tezi mbili, ngumu kama kokwa za plamu,
na paji la uso lisiloshikika kwa moto.
Kikohozi? Hapana.
Kamasi? Hapana.
Angekohoa, pua ingemchuruzika,
pengine ningemwambia mamaye: hivi ni virusi,
mpe maji, usingizi na subira,
maana penisilini haina ugomvi na virusi,
hupishana navyo njiani bila hata salamu.
Lakini hili halikuwa hilo.
Nikaacha vidonge ishirini,
kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku kumi.
Kumi, nilisema. Nilionyesha vidole vyote.

Leo mtoto anateleza kwa ubao mbele ya zizi,
anapiga kelele za mzima.
"Siku ya tatu tu, homa kwisha!" asema Mzekala,
na kwa fahari ya mwanamke asiyetupa kitu
anateremsha kopo la sukari:
vidonge kumi na vinne, ndani ya kitambaa kilichopigwa pasi.
"Nimeviweka. Mama mkwe anakohoa.
Na ndama naye hali vizuri."

Sikumkemea. Ningeanzia wapi?
Majira ya baridi yale ya giza
tulichemsha mfupa mmoja mara tatu;
nani atufundishe kumaliza kitu?

"Homa imeshuka," nikasema, "wadudu hawajahama.
Waliokufa ni wanyonge wao.
Waliosalia wamejikunyata kooni,
wanasubiri, kama vidonge koponi."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa zulia.

Basi nikafungua vifungo viwili vya sweta,
nikamtia vipokezi masikioni,
nikabandika kile kisahani baridi
kifuani pangu, kushoto.
"Sikiliza."

Birika lilianza kuimba, akaliondoa motoni bila kuinuka.
"Kuna upepo," alisema. "Du, halafu upepo.
Kama mlango wa zizi usioshika komeo."

"Ndio mlango wenyewe. Nilikuwa na miaka tisa.
Koo liliuma juma moja, likaacha.
Baada ya wiki tatu goti likavimba, kisha kiwiko,
maumivu yakihamahama kama mchungaji.
Mwili ulikuwa bado unawapiga wadudu,
ukapiga na moyo wangu, bila kujua.
Mama yangu naye alikuwa na kopo."

Hakujibu. Alivua vipokezi polepole,
kama mtu anayevua pete ya mwingine.

Tulianza upya: kumi na vinne vyake, sita vya mkobani,
na maharagwe ishirini dirishani,
kila kidonge kikimezwa, haragwe moja chunguni.
"Nikipoteza moja?" aliuliza Bekhani, theluji ikimdondoka nywelani.
"Utahesabu vidonge."
"Nikila mawili?"
"Utakula na kofi," akasema mamaye,
na ndipo nilipojua kwamba safari hii zitatimia.

Nilikuwa nimeshavaa buti moja
pazia la nyuma lilipokohoa,
kikohozi kizito, chenye maji chini yake.
Nikalivua tena.
Nikaitafuta tochi.
"Bibi," nikasema, "tangu lini?"