Hesabu ya Mazara

Tiketi riali mbili, mtoto nusu.
Niliandika kwa kalamu ya buluu juu ya boneti ya gari,
watu arobaini na mmoja, na mmoja aliyeingia bure kwa maneno.
Tulitoka Al-Khudh alfajiri, magari tisa,
sufuria la biriani limefungwa mkanda kama abiria,
tukafika Mazara pale wadi inapokunja kiwiko,
maji ya kijani yamelala kati ya mawe meupe.

Sababu: mgongo wa Rafikul.
Miezi saba nyuma alianguka kutoka mtende wa Bi Shinuna,
na daktari alitutajia bei ya upasuaji
kama mtu aliyeulizwa saa.

Bwana Thuweini, ambaye hutunza risiti ya chumvi,
alisimama mbele ya watu, akakohoa:
"Miye natoa riali tano kwa kila samaki!"
Akakaa. Akatabasamu.
Alitujua. Sote wajukuu wa mabaharia,
na samaki wetu tunamkuta dukani, keshaparwa.

Asubuhi ndoana ya Azzan ilivua kofia ya Mwalimu Muhanna.
Nasra alivua tawi, akalipigia picha.
Bi Shinuna alitia miguu majini, vidagaa vikamdonoa nyayo,
akacheka mpaka bangili zikalia:
"Niacheni hapahapa, wananipunguza umri."
Kahawa ilizunguka, tende, kachori, umbea wa harusi ya Ibra,
na safu yangu ya samaki, hadi adhuhuri,
ilikuwa sifuri niliyoikoleza wino
kwa kukosa kazi.

Rafikul alikaa kwenye kiti cha plastiki, kivulini mwa gari.
Alikuwa akiyatazama maji
kama mtu asomaye barua ya nyumbani mara ya pili.
Akaniita. Kiswahili chake alikiokota jikoni kwetu,
kina harufu ya vitunguu.
"Bibi, mnapiga kelele. Na chambo hiki,
hata mimi singekula."

Akaomba mkate, samli, na bizari ya mgongo wa sufuria.
Akafinyanga kiganjani, vidonge vidogo kama mbaazi.
Vijana wanne wakambeba na kiti chake
wakamsimika majini, maji yakimfika magotini,
magoti yasiyojua kama yamelowa.
"Kwetu Barisali," alisema, "mto huingia nyumbani
bila kupiga hodi."

Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza,
hata watoto.

Perege wa kwanza, upana wa kiganja.
Wa pili. Wa tatu akaruka ndani ya ndoo na nje ya ndoo.
Nikakata ile sifuri.
Wa tisa, Bwana Thuweini akavua kofia, akajipangusa upara.
Wa kumi na tatu, akasogea karibu ahesabu mwenyewe.
Wa kumi na saba, akashindwa:
"Jamani, si anajivulia mwenyewe huyu?"

Kimya. Biriani ikaungua kidogo, hakuna aliyeinuka.
Bi Shinuna hakutoa miguu majini.
"Na wewe ulitaka avuliwe na nani?"

Nimezoea kusikia, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikuwahi kuuliza anaumwa nini mwenyeji.
Siku ile niliona: mikono yetu arobaini na mmoja
imekuja kutoa, imebeba mabakuli,
na haikujua kushika mshipi.

Wadogo aliwarudisha majini, kwa upole,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
Sikuwafuta daftarini.

Alasiri tukafunga: thelathini na mmoja.
Riali mia na hamsini na tano kutoka kwa mtu mmoja,
tiketi, vitumbua vilivyouzwa, noti moja iliyolowa.
Bado hatujafika nusu ya mgongo.
Ijumaa ya pili tunarudi; Rafikul ameagiza
tulete samli zaidi na maneno machache.

Kuna samaki mmoja nimemwandika mara mbili.
Bwana Thuweini ameuona mstari ule,
ameuwekea kidole, akanitazama.

Amelipa.