Senti Sabini na Tano

Kwenye lango la Ludlow, kabla hawajalivunja,
palikuwa na kibanda kisichozidi upana wa kabati,
na ndani yake Bi Fernanda Gouveia,
glavu zake kazikata ncha
ili sarafu zisimponyoke.

Baridi yangu ya kwanza, Jumatatu, saa nne usiku,
natoka Boston, nimemwogesha mzee wa watu siku tatu,
nikafika dirishani pake nimepungukiwa.
Nikapekua mkoba, kiti, mifuko ya koti:
risiti, pipi ya kikohozi,
ufunguo wa nyumba niliyokwisha kuihama.
Mkono mtupu haulambwi, nalijua hilo.
Nikamwonyesha wangu hata hivyo.
Akafungua pochi yake, si droo ya serikali,
akahesabu senti sabini na tano,
akaniambia, "Nenda ukalale. Jimbo halitafilisika."

Miaka sita nilijaribu kumlipa.
Kila nikimrudishia
alinirudishia kama chenji.

Kaskazini ya barabara, nyuma ya misonobari,
liko ziwa walilolitengeneza kwa kuzamisha miji minne
ili Boston ipate cha kunywa.
Maji yetu huteremka mjini kwa bomba, usiku na mchana,
hayasimamishwi, hayaulizwi tiketi.
Sisi tunaoyafuata kwenda kuosha vyombo vyao
ndio tunaolipia njia.
Nilimwambia Fernanda hayo siku moja.
Akacheka hadi lori la nyuma likapiga honi.

Kisha yakaja matao.
Chuma juu ya barabara, kamera zimeinama kama popo,
na vibanda vikabomolewa kwa wiki chache.
Sasa hakuna anayepunguza mwendo.
Unapita chini, kinakumulika kitu,
na baada ya siku kadhaa inakuja barua:
picha ya makalio ya gari lako,
nyeusi na nyeupe, namba, saa, dakika.
Macho hayana pazia, walisema wa kwetu,
lakini walimaanisha macho yenye kope.

Machi hii barua ilikuja na picha nisiyoitambua.
Gari ni langu, bonde la bampa ni langu.
Lakini ilikuwa Jumatano, saa saba na dakika hamsini na mbili usiku,
chini ya tao la Weston, kuelekea mjini,
na Jumatano mimi hulala.
Asukulu aliniaga anakwenda Chicopee kwa rafiki
kusoma kwa ajili ya mtihani.

Fernanda angeniambia.
Angesema, "Mwanao kapita juzi, kavaa tai,"
au, "alikuwa na msichana, wanacheka,"
au angenyamaza kwa namna ambayo ningeielewa.
Tao linajua tarakimu saba tu.
Halijui kama alikuwa analia.

Nikalipa. Dawa ya deni kulipa.
Barua nikaibandika kwenye friji kwa sumaku,
picha ikitazama jikoni,
nikaendelea kumenya viazi.
Alipoingia aliitazama, akafungua friji,
akanywa maziwa, akafunga.
Sikumuuliza. Hakusema.
Siku ya tano nilikuta sarafu zimepangwa juu ya friji,
nguzo fupi fupi, kama anayejenga kitu.
Nilizihesabu mara mbili.
Zilikuwa kamili.

Bado sijui alikokwenda.

Jumatatu narudi, natoka Ludlow.
Pale kilipokuwa kibanda lami ni nyeusi zaidi,
kiraka cha urefu wa magari mawili,
na matairi hubadili sauti yakifika hapo,
kwa muda wa pumzi moja tu.
Mguu wangu huachia mafuta wenyewe.
Dirisha nalishusha, hata kukiwa na theluji.
Nyuma yangu mtu anapiga honi,
na ana haki.