Kiinua Mgongo

Sinyora Ornella alipouza jumba lake la Kasuarina
hakubaki na pesa taslimu. Alibaki na gari.
Miaka ishirini na miwili baba alimwendesha;
akampa ufunguo ndani ya bahasha ya hoteli,
juu kaandika, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:
Thoya, kiinua mgongo.

Mersedi nyeusi, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa,
milango ya kujivuta yenyewe, ikajifunga taratibu
kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.
Muyeye nzima ilikuja kuifungua na kuifunga.
Asubuhi ya pili tukaikuta imechuchumaa:
mbele imesimama, nyuma imeketi mchangani.

"Mifuko ya hewa," alisema fundi Badi
kutoka uvunguni, tukiona miguu yake tu.
"Hii haina springi. Inasimama kwa pumzi.
Na pumzi inavuja."
Nikacheka. Baba hakucheka.
Kiinua mgongo kisichoweza kuinua wake.

Saa kumi alfajiri aliiwasha, kompresa ikakoroma,
nyuma ikapanda kidogo kidogo, vidole vitatu, vinne,
na Bi Kwekwe akiuliza ng'ambo ya ua
nani huyo anasaga mahindi saa hizi.
Dirisha la kushoto lilizama mlangoni, halikurudi.
Chumvi ilikwishakula waya chini ya zulia,
ukipiga honi, waipa ndizo zinaitika.
Kufika daraja la Sabaki mshale wa joto umeshalala kwenye wekundu,
kwa hiyo madumu mawili ya maji hayakutoka butini.
Oili ilidondokea jiwe lile lile uani
hata kuku wakajua kulikwepa.
Dashibodi nayo iliandika maonyo kwa Kitaliano.
Baba aliyasoma kwa rangi:
njano, twende; nyekundu, twende polepole.

Kuna kidude, ukubwa wa kokwa ya ukwaju,
Badi alikipigia simu Mombasa: elfu thelathini na nane.
Baba akauliza kama kinakuja na mbuzi.

Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka
akiihesabu kilo kwa macho.
Baba alimpa kiti, akampa chai,
hakumpa jibu.

Mwaka wa tatu Badi alichoka kuibembeleza hewa.
Akaing'oa mifuko, imechanika kama ndala za msikitini,
akapachika springi za pikapu ya Pijo iliyofia Barani.
Ikainuka. Ikapitiliza:
matako juu, pua chini, beberu anayenusa.
Taa nyekundu ya hewa haikuzimika tena.
Inauliza mifuko iko wapi,
na sisi tunaizibia kwa kipande cha plasta.

Halafu mgongo wa baba wenyewe ukagoma.
Daktari alitaja pingili mbili kwa nambari zake,
akamkataza usukani.
Nikajifunza mimi, Nyevu, kwenye uwanja wa shule,
nikiangusha goli moja na nusu ya jingine.

Jumatatu ya kliniki nilimfungulia mlango wa nyuma.
Akaushika. Akausimamia, kidevu juu,
akimsubiri mtu aingie.
"Ni wewe, baba."
"Mimi?"
"Ingia."
Aliketi ukingoni mwa ngozi ile,
hakujua mikono aiweke wapi;
akaiweka magotini, akaiondoa, akairudisha.
Nyuma haikushuka hata kidole.

Tulipita Kasuarina, pale penye uwazi kati ya kuta mbili.
Kwenye kioo nilimwona amegeuza shingo.
"Kumbe," akasema, "ukikaa huku
bahari inaonekana."

Mshale wa joto ulikuwa umeanza kupanda.
Sikumwambia.